Mali ya Hujaji ni Amana: Tuilinde Kabla ya Safari na Ndani ya Safari

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Fedha ya hijja haipatikani kwa siku moja. Mkulima huweka kando sehemu ya mavuno yake msimu baada ya msimu. Mwenye duka hujinyima faida kwa miaka kumi. Mjane huuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, na watoto wanne huchangishana ili mama yao aione Al-Kaaba kabla nguvu hazijamwishia. Kwa hiyo mali anayosafiri nayo hujaji imebeba jasho la watu wengi na haki za watu wengi. Ni amana aliyowekewa, naye ataulizwa juu yake.

Hata hivyo, sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti tumeona jambo linalojirudia kila msimu. Watu ambao sokoni hawanunui kanga bila kuikunjua na kuiangalia upindo kwa upindo, wanapofika kwenye safari ya ibada huweka tahadhari yote pembeni. Hukabidhi mamilioni ya shilingi bila stakabadhi kwa sababu aliyeyapokea amevaa kanzu, anaitwa ustadhi, na ameanza mazungumzo kwa salamu. Wakifika Makka huacha pochi juu ya bomba la udhu wakiamini kwamba katika ardhi tukufu hakuna mwizi. Tapeli naye analijua hilo. Anajua kwamba Mwislamu akiisikia labeka, moyo hulainika na mkono hufunguka.

Tumeona ni vema, kabla misafara ya hijja na Umra haijaanza kupangwa, tukumbushane namna ya kuilinda mali hii na nafsi zinazosafiri nayo.

Kutawakali hakuondoi tahadhari

Wako wanaodhani kwamba kuhesabu fedha, kudai mkataba na kufunga mkoba ni upungufu wa imani kwa mtu anayekwenda katika nyumba ya Mola wake. Dini yetu haikufundisha hivyo. Katika aya ya 197 ya Surat al-Baqara, Mwenyezi Mungu anawaamrisha mahujaji wachukue masurufu ya njiani, kisha anawakumbusha kwamba masurufu yaliyo bora ni uchamungu. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza sababu ya kushuka kwake: watu wa Yemen walikuwa wakija hijja mikono mitupu, wakisema wao wanamtegemea Mungu, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Aya ikawasahihisha. Na mashuhuri ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwa yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kutawakali: alielekezwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Hata vazi la ihramu, ambalo kwa mwanamume halina mshono wala mfuko, halikumwacha hujaji bila pa kuweka fedha yake. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa kuhusu mkanda wa kuhifadhia fedha kwa aliyehirimia, akauruhusu, na ndiyo kauli ya wanazuoni wengi. Ikiwa sheria imejali mahali pa kuiweka riali ya hujaji akiwa ndani ya ibada yenyewe, basi kuijali riali hiyo ni sehemu ya adabu za safari.

Hatari ya kwanza iko nyumbani

Wengi huogopa wezi wa ugenini. Lakini mwizi wa ugenini huchukua alichokikuta mfukoni, ilhali tapeli wa nyumbani huchukua akiba yote kabla tiketi haijakatwa. Hapa ndipo panapohitaji umakini mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Jambo la kufahamu kwanza ni kwamba nafasi za hijja zina hesabu. Tangu miaka ya 1980, kwa makubaliano ya nchi za Kiislamu, kila nchi hupewa mgao unaokadiriwa kwa nafasi 1 kwa kila Waislamu 1,000. Kwa hiyo anayekuambia kwamba nafasi kwake hazimaliziki, au kwamba yeye ana mlango wake wa pembeni, amekwisha kukupa sababu ya kumtilia shaka. Tuulize katika ofisi zinazohusika kama taasisi hiyo inatambuliwa msimu huu: Zanzibar tuiulize Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Bara tuwaulize BAKWATA. Kutambuliwa mwaka juzi si kutambuliwa mwaka huu.

Jambo la pili ni maandishi. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa Mola wetu amelipa jambo la kuandikiana aya ndefu kuliko zote, Mwislamu asione haya kumwomba ustadhi wake mkataba, na ustadhi asione amevunjiwa heshima kwa kuombwa. Aliye mwaminifu hufurahi, kwa maana maandishi humlinda na yeye pia.

Mkataba huo useme wazi: aina ya viza, shirika la ndege na tarehe, hoteli za Makka na Madina na umbali wake kutoka misikitini, idadi ya watu katika chumba, hema la Mina na Arafa, usafiri baina ya vituo, chakula, na kama mnyama wa hadyi yumo ndani ya gharama au hayumo. Useme pia fedha itarudishwaje na kwa muda gani iwapo safari itavunjika au hujaji atafariki kabla ya kuondoka. Maneno kama hoteli ya karibu na huduma nzuri hayana uzito. Tuombe jina la hoteli na idadi ya mita.

Jambo la tatu ni njia ya kulipa. Malipo yaende katika akaunti ya benki yenye jina la taasisi, yakifuatwa na stakabadhi yenye muhuri. Anayetaka fedha ziingie kwenye laini ya simu ya mtu binafsi, au ziletwe taslimu usiku kwa sababu nafasi zinafungwa kesho asubuhi, tumwache na nafasi zake. Kumharakisha mtu ndiyo silaha ya kwanza ya kila tapeli. Na mzee asiende kulipa peke yake. Afuatane na mtoto wake au mjumbe wa kamati, atakayesoma na kushuhudia.

Bei nafuu iliyogharimu roho

Katika hijja ya mwaka 2024, joto katika eneo la Msikiti Mtukufu wa Makka lilipita nyuzi 50. Serikali ya Saudia ilitangaza kwamba watu 1,301 walifariki, na kwamba asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na vibali vya hijja. Walitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia. Asiye na kibali hana hema lenye kiyoyozi Mina, hana basi la kumpeleka Arafa, wala jina lake halimo katika orodha ya mtu yeyote anayewajibika kumtafuta akipotea.

Wengi miongoni mwao waliingia Saudia kwa viza za matembezi, kwa gharama ndogo kuliko ya hijja rasmi. Baada ya msiba huo, serikali ya Misri ilizifutia leseni kampuni 16 za usafiri na kuagiza wasimamizi wake wafikishwe kwa mwendesha mashtaka. Lakini leseni iliyofutwa haimrudishi baba kwa watoto wake.

Tuliseme hili bila kuficha: viza ya matembezi si viza ya hijja, na viza ya Umra haimruhusu mtu kubaki hadi hijja. Katika msimu wa mwaka 2025, Saudia ilitangaza faini ya hadi riali 20,000 kwa anayehiji au kujaribu kuhiji bila kibali, ambazo ni zaidi ya dola 5,300. Kwa anayewaombea wenzake viza za matembezi kwa lengo hilo, faini ilifika riali 100,000. Wageni watakaokamatwa walionywa kuwa watarudishwa makwao na kuzuiwa kuingia kwa miaka 10. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudia nalo lilitamka mwaka 2024 kwamba haijuzu kwenda hijja bila kibali.

Ndugu zetu, hijja imefaradhishwa kwa mwenye uwezo wa kuiendea njia, kama ilivyo katika aya ya 97 ya Surat Aal Imran. Aliyekosa nafasi halali mwaka huu ana udhuru wake mbele ya Mola wake. Tusimsukume mzazi wetu kwenye njia ya panya kwa kuona aibu kwamba jirani ametangulia.

Fedha mkononi

Hujaji aliyekwisha kulipia safari yake hahitaji kubeba fedha nyingi. Achukue kiasi cha matumizi na cha dharura, na asikiweke mahali pamoja. Agawe mafungu matatu: la siku moja liwe mfukoni, la akiba liwe katika mkanda uvaliwao ndani ya nguo, na la dharura libaki katika sanduku la kufungia la hotelini au kwa kiongozi wa msafara kwa maandishi. Akipoteza fungu moja, safari haitaharibika.

Shilingi zetu ni vigumu kubadilishwa Saudia. Tununue dola benki au katika duka la fedha lenye leseni, tudai stakabadhi, na tuchukue noti mpya zisizo na michoro wala mikunjo mibaya. Riali ya Saudia imefungamanishwa na dola kwa kiwango cha riali 3.75 tangu mwaka 1986, kwa hiyo hata mzee asiyesoma Kiarabu anaweza kujikagua: dola 100 zinapaswa kumpa takriban riali 375, pungufu kidogo tu kwa faida ya mwenye duka. Akipewa 330, aombe dola zake arudi nazo. Na ahesabu palepale dirishani, kabla hajageuka, bila kumruhusu mtu wa pembeni amsaidie kuhesabu.

Mwenye kadi ya benki aiarifu benki yake kabla ya kuondoka, aulize makato ya kutoa fedha nje ya nchi, na atumie ATM iliyo ndani au mbele ya benki. Mashine au muuzaji akimuuliza kama akatwe kwa riali au kwa fedha ya nyumbani, achague riali, maana ubadilishaji unaofanywa papo hapo mara nyingi huwa na kiwango kibaya. Namba ya siri asimtajie mtu, hata mwenzake wa chumba. Wala asifungue akaunti yake ya benki kwenye simu akiwa ameunganishwa na intaneti ya bure ya hotelini au sokoni.

Suala la mnyama wa hadyi linahitaji neno la peke yake. Wapo wanaopita mahemani wakikusanya fedha za kuchinja kwa bei ya chini, kisha hawaonekani tena. Saudia ina mradi rasmi wa Adahi, ulioanza mwaka 1983, ambao huuza hati za kuchinjiwa na kugawa nyama kwa wahitaji wa nchi mbalimbali. Tununue hati huko au kupitia taasisi yetu kwa stakabadhi. Na ambaye kweli hana uwezo, Qur'ani imemwekea funga ya siku 10: tatu katika hijja na saba akirejea kwao. Hana haja ya kukopa wala kuingia katika biashara ya kichochoroni.

Mizigo ya watu

Katika uwanja wa ndege hutokea mtu mwenye sura ya wema, pengine mwenye kujuana na familia, akaomba umbebee kifurushi kidogo cha dawa, vyakula au zawadi kwa ndugu yake aliye Jiddah. Kwa desturi zetu kukataa ni vigumu, lakini katika jambo hili tukatae, tena bila kuomba radhi mara mbili. Mzigo uliokutwa begani mwako ni wako mbele ya sheria. Saudia huadhibu usafirishaji wa dawa za kulevya kwa adhabu inayoweza kufika kifo, na adhabu hiyo ilianza kutekelezwa upya kwa makosa hayo mwezi Novemba 2022. Miraa, ambayo Kenya huuzwa sokoni mchana kweupe, kule ni dawa ya kulevya. Hata dawa zetu za maumivu, presha na sukari tuzibebe katika vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari.

Vivyo hivyo kwa fedha za wengine. Anayebeba fedha za kikundi ajue kwamba fedha taslimu au vitu vya thamani kuanzia riali 60,000 hutolewa taarifa forodhani Saudia, na kwamba hapa kwetu pia anayevuka mpaka na dola 10,000 au zaidi hutakiwa kujaza fomu.

Katika umati

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba wasafiri wakiwa watatu wamteue mmoja wao kuwa kiongozi. Faida yake huonekana Mina, ambako mahema zaidi ya 100,000 yanafanana na mtu hupotea hatua hamsini kutoka kwenye godoro lake. Kila hujaji awe na kitambulisho chake rasmi cha Nusuk shingoni, awe na karatasi yenye namba ya kambi, jina la hoteli na simu ya kiongozi, na awe na nakala ya pasipoti mbali na pasipoti yenyewe. Nakala nyingine ibaki nyumbani, na picha yake iwe kwenye simu.

Katika Msikiti Mtukufu, tukubaliane mlango mmoja wa kukutania kwa namba yake, kwa mfano mlango wa Mfalme Abdulaziz ambao ni namba 1, au wa Mfalme Fahad ambao ni namba 79. Kusema tukutane mlangoni hakutoshi katika msikiti wenye milango mingi kiasi hicho. Anayekwenda kutufu abebe kidogo kabisa. Mkoba uwe mbele ya kifua, na simu isiwe mfuko wa nyuma. Kwenye mabomba ya udhu, mwenzio akushikie vitu vyako nawe umshikie vyake.

Kisha kuna kanuni moja ambayo kila familia iwafundishe wazee wake kabla ya kuondoka: kitu kikianguka katikati ya msongamano, usiiname kukiokota. Kiwe pochi, kiwe kiatu, iwe simu ya bei kubwa. Aliyeinama katika msongamano huenda asipate nafasi ya kusimama tena. Mali tunailinda kwa ajili ya uhai, na vikigongana, mali iende.

Ikitokea dharura Makka, namba ya kupiga ni 911, na gari la wagonjwa huitwa kwa 997. Pasipoti ikipotea, kiongozi wa msafara aarifiwe kwanza, kisha polisi, kisha ubalozi wetu ulioko Riyadh.

Wanaobaki nyumbani

Msafiri anapoondoka, tapeli huigeukia familia yake. Ule ujumbe wa kutaka fedha itumwe kwenye namba nyingine tunaujua sote, lakini unapokuja na habari kwamba mama amelazwa Makka na anahitaji fedha ya matibabu saa hii hii, nani atakuwa na moyo wa kuuliza maswali? Akaunti ya WhatsApp inaweza kuibwa na picha ya mama ikabaki palepale. Kwa hiyo familia ikubaliane swali moja la siri, ambalo jibu lake halijui mtu wa nje: jina la mbuzi wa utotoni, au mtaa alikozaliwa bibi. Pasipo jibu hilo, na pasipo kumpigia kiongozi wa msafara, isitoke hata shilingi. Tusitangaze mitandaoni kwamba nyumba imebaki na watoto tu.

Na kabla ya kuaga, msafiri alipe madeni yake au ayaandike, arudishe amana za watu, aandike wasia, na aiachie familia matumizi ya muda wote atakaokuwa mbali. Hijja haimwondolei mtu wajibu wa kuwalisha walio chini yake.

Tunapendekeza pia kwamba kila kamati ya msikiti, kabla ya msimu, iweke kikao kimoja baada ya Swala ya Isha. Mikataba ya mahujaji wa mtaa isomwe kwa sauti, wazee waulize maswali, na vijana wawaonyeshe namna ya kupiga simu na kuhesabu riali. Kikao hicho hakigharimu kitu, nacho kinaweza kuokoa akiba ya miaka kumi.

Mwenyezi Mungu awatakabalie mahujaji wetu, awalinde waendapo na warudipo, na asiijaalie mali waliyoikusanya kwa halali kuangukia mikononi mwa madhalimu. Amin.